Angalifika

Uwanja wa kiwanda cha sukari, nje ya Chinandega,
hauna ukuta upande wa kulia. Una kamba.
Nyuma ya kamba watu wamekalia kreti za bia,
nyuma ya watu, miwa.
Siku sita napima malori mizanini.
Ya saba nasimamia besiboli, napima wanadamu.

Zamu ya tisa. Wawili wameshatolewa.
Kiwanda wako nyuma kwa moja,
na Wilmor Espinales yuko kituo cha kwanza,
mguu mmoja umeshaondoka bila yeye.
Gongo likalia, mlio mkavu,
kama bua la muwa likivunjwa gotini.
Mpira ukadunda ndani ya mstari, ukaifuata kamba,
na Wilmor akatoka mbio.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo waliponiita mwizi.

Mtoto, hata miaka tisa hajatimiza,
glovu ya kakake mkononi, pana kama ungo,
aliinama juu ya kamba
akauchota.
Akauinua juu, meno yote nje,
kwa furaha ambayo sijaiona usoni pa mtu
tangu kiwanda kilipopunguza wafanyakazi.

Nikanyanyua mikono yote miwili.
Mpira umekufa.
Piga mayowe, kimbia mpaka Honduras ukitaka,
umekufa tangu alipougusa mtoto,
si tangu niliposema mimi.
Mimi ni mpeleka taarifa tu. Roho ilishatoka.

Lakini miguu haina masikio.
Wilmor akapita cha pili, akapita cha tatu, kofia ikamdondoka,
akakanyaga nyumbani, wenzake wakamrukia,
dada yake akawa anagonga sufuria kwa mwiko,
na mimi katikati ya vumbi
namtafuta Wilmor mwingine,
yule wa nukta ile:
alikuwa wapi, kidole kilipogusa ngozi?

Hatua tatu kabla ya cha pili. Nilimwona.
Nadhani nilimwona.

Kanuni inasema: wape wakimbiaji
kile ambacho wangalipata, lau mtoto asingaliinama.
Wangalipata!
Nani aliyenipa mimi macho ya kuona ngali?
Ningalikuwa nayo,
nisingalimpa Marvin wangu funguo za lile lori.

Haya, pima, Heriberto.
Mpira ungaligonga kigingi, ungalirudi nyuma kidogo.
Olvin Betanco angaliuokota kwa mkono mtupu.
Bega lake bovu tangu Pasaka, kweli,
lakini majani yalikuwa makavu, na Wilmor hukata kona kwa upana,
kama anayeogopa kuukanyaga mkeka wa watu.
Pima. Watu mia tano wananyamaza kwa mara moja,
na huo si ukimya, ni deni.

Mpigaji: cha pili.
Wilmor: rudi cha tatu.

Kocha Absalón Úbeda akaja, tumbo likimtangulia.
"Angalifika! Hata nyanya yangu angalifika, na amekatwa mguu!"
Nikamwambia: labda.
Sikuwa na neno lingine la kweli.
Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira juu, juu kabisa,
ukashuka taratibu ndani ya glovu ya mtu ambaye hata hakusogea.
Mchezo ukaisha.
Kreti moja ikanipita kichwani. Tupu, nashukuru.

Mtoto alinivizia nyuma ya bomba la maji.
Mpira umefichwa chini ya fulana, tumbo limetokeza pembe.
"Niurudishe?"
Nikamwambia aende nao nyumbani.
Hakuuliza tena, aliingia kwenye miwa akapotea.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
lori la kwanza kupanda mizani ni la Wilmor.
Sindano ikatikisika, ikatulia.
Tani kumi na nane na nusu. Nikaandika.
Mizani haina ngali.
Nikampa karatasi kupitia dirisha.
Akaikunja, akaitia mfukoni, akawasha injini,
halafu akatoa kichwa nje, bila hasira:

"Zilikuwa hatua mbili, Don Heriberto.
Si tatu."